Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mbinu za Kocha na Timu ya Hoki ya Barafuni Inayoburura Mkia

Malindi haina barafu isipokuwa mapande yanayopakiwa kwenye masanduku ya samaki alfajiri, na kiwanja chetu cha mpira kinachoitwa Alaskan hakijawahi kuona theluji. Lakini mji huu umeishi na Waitalia kwa miongo mingi, na tangu Milano na Cortina zipewe Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2026, habari za hoki ya barafuni zimekuwa zikisikika mikahawani na hata barazani, penye kahawa chungu na bao. Maswali yaliyomo humu ni ya watu walioniuliza mimi, ambaye nimefundisha vijana mpira wa magongo wa nyasi, na ambaye kwa miaka mingi nimekesha nikitazama ule wa barafuni. Wengi wa waulizaji ni mashabiki wa kandanda waliojichagulia timu ya ng'ambo kwa kupendezwa na rangi ya jezi, kisha wakagundua kwamba timu hiyo inaburura mkia. Ndiyo maana karibu kila swali linarudi pale pale: kocha anaweza kufanya nini?

Kabla ya mbinu, mchezo wenyewe unachezwaje?

Kila upande huwa na watu sita uwanjani: golikipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Katika ligi ya NHL ya Marekani na Kanada, wanateleza juu ya barafu yenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26 hivi, iliyozungushiwa ukuta mfupi, wakigombea kisahani cha mpira mgumu kwa magongo yao. Mistari miwili ya buluu inaugawa uwanja katika maeneo matatu, yaani la ulinzi, la katikati na la ushambuliaji, na mshambuliaji akitangulia kuingia eneo la ushambuliaji kabla ya kisahani huwa ameotea. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Mambo mawili humshangaza mtu wa kandanda: wachezaji hubadilishwa bila kikomo huku mchezo ukiendelea, na anayefanya kosa la kawaida hukaa kibandani dakika mbili huku wenzake wakicheza pungufu. Sehemu kubwa ya kazi ya kocha wakati wa mechi imo katika mambo hayo mawili.

Timu ikishindwa kila wiki, je, tatizo si wachezaji? Mbinu itafaa nini?

Swali hili aliniuliza mzee mmoja wa Shela ambaye ni hodari wa bao, na jibu nililompa lilitoka kwenye ubao wake mwenyewe. Mchezaji wa bao asiye na mtaji, yaani nafasi ya kula kete za mwenzake, hutakata; hupanga kete zake ili asiliwe vibaya, akingojea zamu ambayo mtaji utarudi. Idadi ya kete haikuongezeka kwa kutakata, ila hasara imepungua, na huenda mpinzani akajisahau.

Mbinu ya kocha hufanya kazi namna hiyo. Haimwongezei mchezaji kasi, wala haimpi mikono ya kufunga aliyenyimwa. Inachokibadilisha ni mahali makosa yanapotokea na nani atakuwepo kuyafunika. Beki akipoteza kisahani nyuma ya mstari wa lango la mpinzani, wenzake wana mita hamsini za kurudi na kujipanga. Akikipoteza palepale kwenye mstari wa buluu wa kwao, wapinzani wawili tayari wameshamkabili golikipa. Kosa ni lile lile na mchezaji ni yule yule, lakini la pili huzaa bao. Timu dhaifu huwa haikosei mara nyingi kupindukia ikilinganishwa na timu nzuri. Hukosea mahali pabaya, na hukosea wakati ambapo watu watano waliomo uwanjani wana mawazo matano tofauti kuhusu nani amfuate nani.

Hilo la mwisho ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi. Mchezaji asiyejiamini husita, na juu ya barafu kusita kwa nusu sekunde ni mita nne au tano za mpinzani anayekuja kwa kasi. Kwa hiyo kocha wa timu inayoshindwa, kabla ya kubuni lolote la ajabu, hupunguza idadi ya maamuzi ambayo kila mchezaji anatakiwa kuyafanya. Nahodha akikutana na kusi kali hushusha tanga kubwa akatweka dogo: chombo kitakwenda polepole, lakini kitashikika.

Nitajuaje kama timu yangu inacheza vibaya au ina bahati mbaya tu?

Tazama mikwaju kabla ya mabao. Hoki ya barafuni ina mabao machache na mikwaju mingi, kwa hiyo bahati ina nafasi kubwa katika mechi kumi au kumi na tano, na kocha asiyelielewa hili anaweza kubomoa mfumo uliokuwa ukifanya kazi.

Kuna hesabu moja rahisi inayotumiwa na wachambuzi. Chukua asilimia ya mikwaju yenu iliyoingia, ujumlishe na asilimia ya mikwaju ya wapinzani ambayo golikipa wenu ameiokoa. Ukiacha mabao yanayofungwa lango likiwa halina mtu, katika ligi nzima jumla hiyo huwa 100, kwa sababu kila bao la mmoja ni mkwaju uliomshinda golikipa wa mwingine. Tuseme timu yako imepiga mikwaju 300 na kufunga mabao 21, yaani asilimia 7, na imepigiwa mikwaju 300 ikaruhusu mabao 36, yaani golikipa ameokoa asilimia 88. Jumla ni 95. Ukiangalia msimamo wa ligi utaona timu mahututi. Ukiangalia mikwaju utaona timu inayolingana na wapinzani wake. Timu ya namna hiyo mara nyingi huinuka yenyewe hata kocha akikaa kimya, ingawa ni nadra kocha kuruhusiwa kukaa kimya.

Hesabu hii ina mitego yake. Golikipa anaweza kuwa dhaifu kwelikweli, na mikwaju 300 ya kutoka pembeni haina uzito wa mikwaju 300 ya kutoka mbele ya lango. Kwa hiyo swali la pili ni mikwaju hiyo inatoka wapi. Ikiwa wapinzani wanapiga kutoka eneo lililo mbele kabisa ya golikipa wenu mechi baada ya mechi, usiisingizie bahati, maana hapo mpangilio wa ulinzi ndio wenye kasoro.

Mfano wa upande wa pili, yaani wa bahati nzuri, ni Colorado Avalanche, timu ya NHL. Msimu wa 2012–13 ilimaliza ikiwa ya 29 kati ya timu 30. Akaja kocha mpya, Patrick Roy, na msimu wa 2013–14 timu ikapata pointi 112 na kuongoza kundi lake. Watu walimwimbia kocha. Waliokuwa wakihesabu mikwaju, hata hivyo, waliona kwamba wapinzani walikuwa wakipiga zaidi kuliko Colorado, na kwamba golikipa Semyon Varlamov alikuwa akiwabeba wenzake. Msimu uliofuata timu haikufika hata hatua ya mtoano.

Je, kumpiga kalamu kocha katikati ya msimu kunasaidia?

Wakati mwingine kunasaidia sana, na mifano hiyo ndiyo inayokumbukwa. St. Louis Blues ilimwondoa Mike Yeo tarehe 19 Novemba 2018 na kumkabidhi timu msaidizi wake, Craig Berube. Tarehe 12 Juni 2019 timu hiyo hiyo iliifunga Boston Bruins mabao 4–1 katika mechi ya saba na ya mwisho ya fainali na kutwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, kwa mara ya kwanza katika historia yake iliyoanza mwaka 1967. Pittsburgh Penguins walimwondoa Mike Johnston tarehe 12 Desemba 2015, akaingia Mike Sullivan, na kombe likapatikana mwaka 2016 na tena 2017. Los Angeles Kings walimleta Darryl Sutter mwezi Desemba 2011, wakaingia hatua ya mtoano wakiwa wa nane na wa mwisho katika ukanda wao wa magharibi, na mwezi Juni 2012 wakawa mabingwa.

Lakini soma tarehe kwa makini. Asubuhi ya tarehe 3 Januari 2019, wiki sita baada ya Berube kukabidhiwa timu, Blues walikuwa wa mwisho kabisa kati ya timu 31. Sullivan alipoteza mechi zake nne za kwanza. Kama viongozi wa klabu hizo wangekuwa na subira ya baadhi ya mashabiki ninaowajua hapa mjini, makocha hao wawili nao wangefukuzwa kabla ya mavuno. Tena hawakuachwa na vikosi vile vile: Blues walimpata golikipa Jordan Binnington, aliyeanza mechi yake ya kwanza tarehe 7 Januari 2019 na kuimaliza bila kuruhusu bao, na Pittsburgh waliletewa beki Trevor Daley na mshambuliaji Carl Hagelin, wote wawili wenye kasi ambayo mfumo wa Sullivan uliihitaji.

Kuna jambo jingine, nalo wakazi wa pwani hawahitaji kufundishwa. Mtu akishuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa kabisa, akapiga makofi mara tatu, maji yatajaa, na anaweza kuapa kwamba ni makofi yake. Klabu humfukuza kocha timu ikiwa katika kina cha chini kabisa, pale ambapo bahati mbaya na mchezo mbaya vimekutana pamoja. Kutoka hapo, hata bila mabadiliko, matokeo yana uwezekano mkubwa wa kupanda kuliko kushuka. Ndiyo maana mimi huzisubiri mechi ishirini au zaidi za kocha mpya kabla ya kumpa sifa.

Kocha mpya anapofika, hubadilisha nini kwanza?

Kwa kawaida hubadilisha ulinzi na namna ya kutoka nyuma, na huacha ushambuliaji kwa baadaye. Katika ligi ya NHL timu hucheza zaidi ya mechi 80 kwa msimu, mara nyingine siku mbili mfululizo katika miji miwili tofauti, kwa hiyo siku za mazoezi ni chache na huwezi kufundisha kila kitu.

Katika eneo la ulinzi kocha huchagua kati ya mtu kwa mtu na ulinzi wa eneo, au mchanganyiko wa hayo mawili. Mtu kwa mtu ni rahisi kueleweka, kwani kila mchezaji ana wake, lakini mwenye miguu mizito huachwa. Ulinzi wa eneo huwaweka wachezaji karibu na lango na kuwaachia wapinzani pembe za uwanja. Unaifaa timu isiyo na kasi, ila unadai mawasiliano, na timu iliyovunjika moyo huwa kimya sana uwanjani. Mimi, nikiiona timu inafungwa mabao ya mtu aliyesahauliwa mbele ya lango, huwa najua kwamba kocha aliyetangulia alichanganya mifumo miwili na wachezaji hawakujua mpaka wake uko wapi.

Kutoka nyuma ni somo la pili. Beki anayechukua kisahani nyuma ya lango lake hutakiwa kuwa na njia mbili au tatu za kupitisha zilizokwisha kupangwa, ili asiinue macho na kuanza kutafuta. Timu inayotoka nyuma kwa utulivu hupunguza muda wa kujilinda, na huo ndio ulinzi ulio bora kuliko kuzuia mikwaju kwa mwili.

Mtego wa katikati ni nini, na kwa nini timu dhaifu huupenda?

Ni mpangilio ambapo timu haiendi kukabana na mpinzani kwenye eneo lake. Mshambuliaji mmoja tu humsogelea mwenye kisahani ili kumsukumia upande mmoja wa ukuta, na wengine wanne hujaza eneo la katikati. Mpinzani akipitisha pale palipobanwa, kisahani hunaswa na shambulizi hugeuka ghafla. Mwaka 1995 New Jersey Devils chini ya Jacques Lemaire walitwaa Kombe la Stanley kwa mchezo wa aina hii, wakiwafunga Detroit Red Wings, waliokuwa wamewazidi nyota wa ushambuliaji, mechi nne kwa sifuri katika fainali.

Timu dhaifu huupenda kwa sababu hauhitaji vipaji vya juu, unahitaji utiifu. Mechi yenye mashambulizi machache ni mechi ambayo bao moja la bahati linaweza kuiamua, na aliye mnyonge hufaidika kila mechi inapokuwa fupi kwa namna hiyo. Watazamaji ndio huumia. Msimu wa 2004–05 ulifutwa wote kwa mgogoro wa mikataba, na mchezo uliporudi, sheria zilirekebishwa ili pasi ndefu ya kuvuka mistari miwili, wa buluu wa kwao na ule mwekundu wa katikati, iruhusiwe na waamuzi waadhibu ushikaji na uzuiaji kwa ukali zaidi. Mtego haukufa, ila makali yake yalipungua.

Kisa ninachokipenda ni cha tarehe 9 Novemba 2011. Tampa Bay Lightning walikuwa wakijipanga mmoja mbele, watatu katikati, mmoja nyuma, bila kumsogelea mtu. Philadelphia Flyers wakaamua kwamba kama hakuna anayekuja, nao hawatoki. Beki wao akasimama na kisahani katika eneo lake, uwanja mzima ukiganda, mpaka mwamuzi akapuliza filimbi. Tampa Bay walishinda 2–1 katika muda wa nyongeza. Sijawahi kuona baraza la Malindi likicheka hoki ya barafuni kama siku nilipowasimulia kisa hiki.

Na timu ikiamua kinyume chake, kukaba juu?

Hupeleka washambuliaji wawili kwenye pembe za mpinzani, wa tatu akibaki juu kidogo kuangalia njia ya kurudi. Wakinyang'anya kisahani huko, wako karibu na lango. Wakikosa, watu watatu wa mpinzani huja dhidi ya mabeki wawili. Kila kitu kinamtegemea yule wa tatu. Timu yenye washambuliaji wanaotamani mabao yao binafsi haiwezi mbinu hii, hata kocha awe nani.

Kwa nini kocha hubadilisha wachezaji kila dakika? Haoni kwamba anawavuruga?

Kuteleza kwa nguvu zote huchosha haraka mno, na zamu nzuri ni ya sekunde 45 hivi. Timu ya NHL huvalisha wachezaji 18 wa uwanjani na magolikipa wawili; kwa kawaida washambuliaji 12 hugawanywa katika safu nne na mabeki sita katika jozi tatu. Kwa hiyo kocha hupanga makundi yanayopokezana zaidi ya anavyopanga kikosi kimoja, na hapa ndipo maamuzi yake yanapoonekana wazi kuliko popote.

Timu inayoshindwa huwa na ugonjwa wa zamu ndefu. Mchezaji bora, akitaka kuiokoa timu peke yake, hukaa uwanjani dakika nzima na nusu; anapochoka hachezi vibaya tu, bali hushindwa hata kurudi benchi kubadilishwa. Hatari huongezeka katika kipindi cha pili, kwa kuwa timu hubadilishana milango na benchi huwa mbali na lango linalolindwa, hivyo beki aliyechoka ana safari ndefu kufika kwa wenzake. Na akiona amebanwa, akakibutua tu kisahani kutoka nusu yake mpaka nyuma ya mstari wa lango la mpinzani, mwamuzi hurudisha mchezo kwenye eneo lake la ulinzi, na sheria iliyoanza mwaka 2005 humkataza kocha kumbadilisha yeyote kati ya waliokuwa uwanjani. Watano waliochoka watakabili watano wapya. Ukiona timu yako inafungwa mara kwa mara kipindi cha pili, hesabu urefu wa zamu kabla ya kumlaumu golikipa.

Upo pia ukabilianaji wa safu. Kila mchezo unaposimama, kocha wa nyumbani ndiye mwenye haki ya kubadilisha wa mwisho, kwa hiyo huona mwenzake ameingiza nani kisha huchagua wa kumkabili. Kocha wa timu dhaifu aliye nyumbani huweza kuitenga safu yake ya ulinzi iwafuate nyota wa mpinzani usiku kucha, na kuziacha safu nyingine zicheze na watu wa kiasi chao. Ugenini haki hiyo hana, na sehemu ya tofauti ya matokeo ya nyumbani na ugenini hutokana na hapo.

Kuhusu kuvuruga, muulizaji ana haki. Kocha aliyepagawa huzichanganya safu zote kila baada ya bao, na wachezaji watatu ambao hawajacheza pamoja mechi tano hawajuani macho. Kuchanganya mara moja kwaweza kuamsha. Kuchanganya kila siku ni kukiri kwamba mpango haupo.

Je, kumbadilisha golikipa ni dawa?

Ni dawa kali, na ina madhara. Kocha hufanya hivyo kwa sababu mbili tofauti ambazo watazamaji huzichanganya: golikipa anacheza vibaya, au wenzake wamelala na kocha anataka kuwaaibisha bila kuwataja. Ya pili hutumika mara nyingi kuliko inavyokiriwa.

Kisa maarufu ni cha timu ambayo haikuwa dhaifu hata kidogo. Tarehe 22 Februari 1980, katika Michezo ya Olimpiki huko Lake Placid, Marekani, Umoja wa Kisovieti ulikuwa sare ya 2–2 na Marekani baada ya bao lililoingia sekunde ya mwisho ya kipindi cha kwanza. Kocha Viktor Tikhonov akamtoa Vladislav Tretiak, aliyehesabiwa kuwa golikipa bora duniani, akamwingiza Vladimir Myshkin. Marekani, ambao walikuwa vijana wa vyuo vikuu chini ya Herb Brooks, walishinda 4–3, na Tikhonov alikuja kukiri kwamba lilikuwa kosa. Wachezaji wake walielewa, mechi ikiwa bado sare, kwamba benchi lao limeingiwa na hofu.

Adhabu nyingi zinatokana na ukorofi?

Chache tu. Nyingi za timu inayoshindwa ni za kushika, kunasa kwa gongo na kuangusha, na hizo ni dalili za mtu aliyechelewa kufika. Ukirekebisha mpangilio na zamu, adhabu hupungua zenyewe bila mahubiri chumbani.

Timu yenye mtu wa ziada kwa dakika mbili hufunga takriban mara moja katika kila nafasi tano, na ikifunga, mfungwa wa adhabu ndogo huachiliwa. Kwa timu isiyofunga mabao mengi, mpango mzuri wa dakika hizo mbili ndio njia ya mkato iliyo bora kuliko zote, kwani ni watu watano tu wanaohitaji kuufahamu. Siku hizi wengi hujipanga mmoja juu, watatu katikati na mmoja mbele ya lango, ili mwenye kisahani awe na pasi fupi kila upande.

Kumtoa golikipa dakika za mwisho si wazimu?

Kina mama wawili waliokuwa wakitazama nami waliniambia ni wazimu, nikawaambia wahesabu. Timu iliyo nyuma kwa bao moja haipotezi chochote zaidi kwa kufungwa la pili. Kushindwa kwa moja au kwa mawili kunaleta pointi sifuri vilevile. Kwa kumtoa golikipa inapata mshambuliaji wa sita. Zamani makocha walingoja dakika ya mwisho. Patrick Roy, ambaye mwenyewe alikuwa golikipa mashuhuri, alianza kuwatoa wake mapema zaidi huko Colorado, na leo dakika mbili au tatu kabla ya mwisho ni jambo la kawaida. Ilichelewa kuenea kwa sababu kocha anayefungwa lango tupu huchekwa, na kuchekwa kuna uzito katika ajira.

Kocha akifoka, wachezaji huamka?

Huamka mara ya kwanza. Ya tatu hawasikii tena. Kila timu ina haki ya kusimamisha mchezo mara moja tu kwa sekunde 30 katika mechi, na kocha anayezitumia kuchora jambo moja kwenye ubao mdogo hufaidika zaidi ya anayezimaliza kwa makelele.

Je, haya yanaihusu Kenya kwa vyovyote?

Yanaihusu. Nairobi ina uwanja wa barafu katika Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005, na ndipo ilipokulia timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 timu hiyo ilipelekwa Kanada na kucheza pamoja na nyota wawili, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon; mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Uwanja wa Panari ni mdogo kuliko wa kimataifa, na hilo lina athari za kimbinu: mtego wa katikati hauna maana pale ambapo eneo la katikati ni hatua chache, ilhali mikono ya haraka na pasi fupi huthawabishwa. Timu iliyozoea nafasi finyu, ikitoka kwenda kwenye uwanja mpana, hujikuta mabeki wake wamekaa karibu karibu mno na pembeni kumeachwa wazi. Kazi ya kocha wake ni kuwafundisha umbali, na umbali haufundishiki vizuri kwenye ubao.

Mechi huonekana saa ngapi, na nikitazama nitazame nini?

Mechi inayoanza saa moja jioni New York huwa saa tisa usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa nane wanaposogeza saa zao mbele mwezi Machi. Ramadhani ikiangukia majira hayo, anayeamka kula daku hukuta kipindi cha pili, ambacho kama nilivyosema ndicho chenye benchi la mbali.

Usikifuate kisahani, kwa sababu televisheni itakuonyesha hicho hata usipotaka. Timu yako inaposhambulia, mtafute mshambuliaji wa tatu, yule aliye mbali zaidi na lango, uangalie amegeuzia wapi vifundo vya miguu yake pale kisahani kinapopotea. Akianza kurudi kabla ya beki wake kupiga kelele, basi kocha ameanza kusikilizwa, hata kama ubao wa matokeo bado unasema mnafungwa tatu.